Nta Kwenye Hedifoni za Mjomba

Juzi kwenye maabara mwalimu wa fizikia alitupa hedifoni moja tugawane wasichana thelathini na nane, kila mmoja asikilize kidogo tu umeme unavyovuma kwenye waya. Ilipofika kwangu ilikuwa imeshapita kwenye vichwa ishirini na kitu. Ilikuwa na joto. Ilikuwa na unyevu. Ilinuka mafuta ya nywele, jasho la mchakamchaka wa asubuhi, na chini ya hayo yote ile harufu nyingine, mbichi na ya zamani kwa pamoja, ambayo mtu akishaijua haimtoki. Nikaichungulia ndani. Nilichokiona sitakiandika, kwa sababu gazeti letu hili limebandikwa ukuta mmoja na bwalo, na wengine mnasoma mkiwa mmetoka kula. Nikamrudishia mwalimu, nikasema nimeshasikia. Akauliza nimesikia nini. Nikamjibu nimemsikia Mwenyekiti wa kijiji chetu akilia. Darasa likaangua kicheko, mimi nikapewa eneo la kufyeka nyuma ya vyoo, na huko nyuma ya vyoo, mahali panapofaa sana kwa kukumbuka jambo hili, nikakumbuka lote.

Mimi nina kinyaa. Nyumbani wanasema nilizaliwa nacho, kwamba hata ziwa la mama nililikagua kwanza. Sasa fikiria mtoto wa namna hiyo anakua katika miaka ambayo kila kitu kinakuwa cha wote. Tulikuwa tumehamia kijiji kipya, kaskazini ya Singida mjini, ukipita Mtinko unaendelea, nyumba zimepangwa mistari iliyonyooka mpaka mbuzi wakawa wanapotea mlango. Shamba la wote, ghala la wote, kisima cha wote. Shamba la pamoja sikulipinga, shamba halina mate. Lakini kibuyu cha togwa kilichozunguka wazee kumi na wawili, kila mmoja akiacha masharubu yake ukingoni, kilipofika kwangu nilifunga mdomo kama mtu anayepewa dawa. Nikachapwa. Nikanywa. Nikatapika. Hayo ndiyo malezi yangu.

Mtu pekee aliyenielewa alikuwa Bibi, mzaa mama. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, na yeye aliniita mke mwenzangu, nami nikamwita hivyo hivyo, tukigombania babu ambaye alikuwa ameshakufa zamani na kwa hiyo hakuwa na msaada kwa yeyote kati yetu. Bibi alikuwa amezibwa masikio. Si ghafla, yalifungika polepole. Ukitaka akusikie ulichukua shingo ya kibuyu kilichovunjika, ukaitia sikioni mwake, ukapiga kelele kupitia humo. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilimletea habari zote za kijiji kwa shingo ya kibuyu, nyingine nikiwa nimeziongezea chumvi, na nilikuwa karibu sana na lile sikio kiasi kwamba ninaweza kuwaeleza mambo yake hadi leo. Sielezi.

Kabla hajazibwa, Bibi ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo za palizi. Yeye anatupa mstari, wanawake shamba zima wanaitikia, majembe yanashuka pamoja. Halafu masikio yakaanza kufunga, na siku moja kwenye harusi akaanzisha wimbo, wenzake wakaenda kulia na yeye akaenda kushoto bila kujua, na kuna mtu alicheka. Hakusikia kicheko, alikiona. Tangu hapo hakuimba tena. Alisema angependa asikie muziki mara moja tu, vizuri, kabla mlango haujafungwa kabisa. Alilisema hilo kwa Mjomba, mwanawe, ambaye alifanya kazi ya simu za waya kwenye stesheni ya Itigi, na Mjomba ni mtu wa kuchukulia mambo kwa uzito.

Mjomba alikuja likizo ya wiki moja na sanduku. Ndani mlikuwa na gramafoni ya betri, santuri mbili, moja imekwaruzika, na hedifoni alizouziwa na fundi mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Zilikuwa nzito kama kufuli la ghala, nyeusi, na kwenye sehemu ya sikio zilikuwa na mito ya ngozi halisi. Mjomba hakuruhusu mtu aziite masikio ya chuma. Alisema mle ndani mtu anasikia hata kidole cha mpiga gitaa kikiteleza juu ya waya. Akamvika Bibi, akaweka santuri. Bibi akasubiri. Akauliza lini inaanza, na wimbo ulikuwa umefika katikati.

Gramafoni ilikuwa dhaifu, hiyo ndiyo shida. Mjomba akatafuta nguvu zaidi, na nguvu ilikuwepo kijiji kizima mahali pamoja tu: ile amplifaya ya mikutano. Wakubwa walikuja nayo kuhutubia, wakaiacha chini ya ulinzi wa Mwenyekiti mpaka lori liifuate. Ilikula betri ya gari na ilikuwa na bomba la spika ambalo likisema kitu kwetu, kuku wa kijiji cha pili wanakimbia. Mwenyekiti akakubali, kwa sharti kwamba na yeye asikie. Mjomba akachomeka hedifoni moja kwa moja, akavaa, akawasha, na akaruka kama aliyekanyaga kaa. Kukatoka kaharufu ka kuungua. Akazivua akazikumbatia kifuani.

Jioni ile alituketisha akatueleza, na ninaandika hapa kwa faida ya wale wanaodhani vitu hivi unachomeka tu. Alisema, "Mnaweza kufunga maksai mkubwa na ndama kwenye nira moja?" Tukasema hapana, plau itakwenda upande. Akasema ndivyo ilivyo. Bomba la spika ni maksai, amplifaya ilitengenezwa ivute naye. Hedifoni ni ndama wa mbegu nzuri. Usimfunge na maksai bila kurekebisha nira, utamvunja shingo. Siku nzima ya pili akawa anasokota waya mwembamba uliotoka kwenye redio mbovu, duara juu ya duara, akahesabu kwa midomo, akaufunga katikati ya amplifaya na hedifoni. Akavaa. Akafumba macho. Tulimwona anacheka peke yake kama mgonjwa. Nira ilikuwa imekaa.

Na hapo ndipo uchafu ulipoanza.

Kwetu kitu chema hakianzi kwa anayekihitaji, kinaanza kwa anayestahili. Mwenyekiti kwanza. Halafu wazee, kwa umri wao, na ubishi wa nani alizaliwa mwaka wa nzige ulikula robo saa. Halafu wanaume. Halafu wanawake. Kila mtu upande mmoja wa santuri. Tulikaa nje ya ghala kuanzia saa kumi alasiri, na hedifoni zikatembea kichwa kwa kichwa. Wazee wale walikuwa wanavuta ugoro. Walikuwa wamejipaka mafuta ya kondoo. Mmoja alikuwa na sikio linalotoa maji na alizivaa upande ule kwa makusudi, akidai joto lake linamsaidia. Nikiwa nimesimama karibu na Mjomba nilikuwa naiona ile mito ya ngozi ikibadilika rangi, ikianza kung'aa, ikipata ukoko wa manjano ukingoni. Kila aliyezivua alizifuta kwa kiganja kwa heshima, akapaka kiganja kwenye suruali, akamsalimu anayefuata kwa mkono huohuo.

Nilikuwa na umri wa kuanza kung'oka meno, na nilikuwa nimejenga fikra zangu. Niliona kwamba waliotangulia walitikisa vichwa kwa nguvu, waliofuata kidogo, na wa mwisho hawakutikisa kabisa. Nikafikia uamuzi kwamba muziki ulikuwa ndani ya zile hedifoni kama asali kwenye sega. Wakubwa wanaufyonza, wanabakiza nta. Mpaka zifike kwa wanawake hamna kitu, nta tupu. Sasa ninajua ilikuwa betri inachoka, na hapakuwa na pa kuichaji isipokuwa kungoja gari la misheni lipite asubuhi. Lakini bado sijaona kosa kubwa katika fikra zangu za mwanzo.

Siku hiyo ya kwanza Bibi alivishwa jua likiwa linazama. Alikaa wima, mikono juu ya mapaja, akaanza kutikisa kichwa taratibu na kutabasamu. Watu wakafurahi, wakasema mzee anasikia. Mjomba akageuka pembeni akapangusa macho. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa gramafoni. Niliona sindano imefika mwisho, niliona Mjomba ameinua mkono wa gramafoni, santuri imesimama. Bibi alikuwa bado anatikisa kichwa.

Sikumwambia mtu. Nyumbani nilichukua shingo ya kibuyu nikamuuliza umesikia nini, mke mwenza. Akasema, "Upepo. Usimwambie mjomba wako."

Kesho yake ilikuwa ndiyo mara ya mwisho, kwa sababu kesho kutwa lori lingekuja, na Mjomba naye angeondoka nalo. Asubuhi Mjomba aliniachia hedifoni nizifute kwa kitambaa kikavu, kikavu tu, akarudia mara mbili. Alikuwa amelalamika kwamba mito imekauka na kukakamaa, haishiki sikio, sauti inavuja pembeni kabla haijamfikia mama yake. Halafu akaenda kungoja gari la misheni na ile betri.

Nikabaki nazo mbele yangu. Niliziinua kwa vidole viwili kama unavyoinua panya. Kitambaa kilipita juu ya ule ukoko kikanata. Nilikuna kwa kijiti. Nilichokipata kwenye kijiti kilikuwa na rangi tatu na unywele mmoja mweupe. Nilitapika uji nyuma ya zizi, nikarudi, nikaendelea, kwa sababu zilikuwa zinakwenda kwenye masikio ya mke mwenzangu. Zilipokuwa safi nikaona kweli ngozi imekauka na ina nyufa. Na mimi, mjukuu wa mwanamke aliyelainisha ngozi maisha yake yote, nilijua ngozi iliyokauka inafanywa nini. Inapakwa samli. Si samli mpya ya kula, ile ya zamani iliyooza kidogo, inayonuka mpaka mbwa anaangalia pembeni. Hiyo ndiyo inayoingia ndani. Nilichota kwenye kibuyu cha Bibi, nikasugua. Ngozi ikanywa. Nikaongeza. Ikalainika kama shavu la mtoto. Nikaziweka chini ya kitanda chake, penye kivuli, nikaenda kucheza nikiwa najiona fundi.

Mjomba alirudi saa kumi, akazichukua mbiombio bila kuangalia kwa sababu watu walikuwa wameshakaa. Alinusa hewa kidogo, lakini karibu na wale wazee harufu ya samli haikuwa habari. Betri ilikuwa imejaa kabisa. Mwenyekiti akakaa kwenye kiti chake, akavishwa, santuri ikaanza.

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa heshima zake. Alikuwa akituambia kwamba kiongozi hashtuki. Basi alikaa. Baada ya muda nikaona jicho moja linachezacheza. Halafu shavu. Halafu machozi yakaanza kumtoka, yanashuka yenyewe, na mikono yake imekamata magoti. Mzee wa pembeni akanong'ona kwamba wimbo huu unamkumbusha marehemu mama yake. Wengine wakainamisha vichwa. Mwenyekiti akasema kwa sauti nyembamba kwamba muziki wa siku hizi una pilipili. Ndipo nikaona mstari. Ulikuwa unatoka chini ya mto wa ngozi, unashuka shingoni, unaingia kwenye kola: sisimizi, wale wekundu wadogo wanaochoma kama cheche. Walikuwa wamejaa mle. Wametoka chini ya kitanda cha Bibi na samli yao, familia nzima, na walikuwa wanakula kuelekea ndani.

Alivumilia upande mzima wa santuri. Kwa hilo ninamsifu. Ulipokwisha alizivua taratibu, akaangalia ndani, akaniangalia mimi, kwa sababu katika kijiji kile makosa yote yalikuwa na anwani moja. Masikio yake yalikuwa yamevimba kama maandazi. Alimwambia Mjomba kwamba anakwenda kuosha masikio, na akirudi aikute mashine imefungwa kwenye sanduku lake, na mambo ya hedifoni yameisha katika kijiji hiki. Akaenda, anatembea kwa heshima, kisha kona ilipomficha tukasikia anakimbia.

Mjomba hakunipiga. Alikaa chini tu. Alizipiga hedifoni kwenye goti, sisimizi wakamwagika, samli ikafuata, nzito, imechanganyika na miguu na vichwa vya waliokufa. Upande mmoja ulikuwa umekufa kabisa, mafuta yameingia mpaka ndani. Upande wa pili ulikuwa unapiga, lakini nani angevaa. Aliwanyoshea wazee, kwa utaratibu, wa kwanza kwa umri. Yule wa kwanza akasema leo ana mafua. Wa pili akasema amemwacha ng'ombe. Mwenye sikio linalotoa maji naye, naapa, alisema zina uchafu. Foleni yote ikayeyuka mbele ya macho yangu, wazee, wanaume, wote wamepata kinyaa kwa mara ya kwanza maishani mwao, na mwisho wa foleni akabaki mtu mmoja amekaa wima, mikono juu ya mapaja.

Nilikimbia na shingo ya kibuyu nikamweleza yote, samli, sisimizi, Mwenyekiti. Nilikuwa nalia. Bibi akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Nimezalia juu ya majivu na nimebandua kupe kwa meno. Leo sisimizi ndio waniue?" Akazichukua akazivaa mwenyewe. Ile samli iliyolainisha ngozi ikazishika pande zote mbili za kichwa chake, bila mwanya hata kidogo, na nyingine ikachuruzika mpaka kwenye shanga za shingoni.

Mjomba akaweka sindano. Betri imejaa, nira imekaa, mito imelainika. Bibi hakutikisa kichwa. Hakufanya lolote. Mdomo wake ulifunguka polepole ukabaki hivyo, na sisimizi mmoja akamtembelea juu ya mdomo wa juu, hakumtoa. Saksafoni ilipoingia aliuliza, kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia, huyu anayelia ni mnyama gani. Nikachukua maikrofoni ya mikutano, Mjomba akaniwashia, na kwa mara ya kwanza nikasema na Bibi bila kibuyu. Nilikuwa na maneno yote ya dunia ya kuchagua. Nilisema, "Mke mwenza, unanuka."

Akanigeukia. "Na wewe una sauti ya mbuzi," akasema, na akanipokonya maikrofoni.

Akaanza kuimba. Ule wimbo wa palizi wa zamani, mstari wa kwanza ambao anayeanzisha anautupa mbali. Aliimba maneno machache akanyamaza. Akageuza kichwa, akatafuta nyuma yake. Akaanza tena, akanyamaza tena, uso umekunjamana, sawasawa na mimi nilivyokunja uso juu ya kijiti asubuhi ile. Kilikuwa ni kinyaa. Akauliza, "Nani huyu kizee anayeniharibia wimbo?"

Bibi alikuwa hajaisikia sauti yake tangu ilipokuwa ya mwanamke mwenye nguvu, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba imezeeka pamoja naye. Mjomba aliangalia chini. Nilijua nikisema kweli hataimba tena, na Mwenyekiti alikuwa ameshatokea kwenye kona, masikio yanadondosha maji. Nikajivutia maikrofoni mdomoni. "Ni mke wa Mwenyekiti," nikasema. "Anakuiga."

Mke wa Mwenyekiti alikuwa amesimama palepale, ameshika mtoto, na alinitolea macho. Bibi akasema mwambie anyamaze, hajui kitu, na akaanza upya, kwa nguvu, kumfunika huyo kizee. Safari hii alifika mwisho wa mstari. Na mke wa Mwenyekiti, Mungu ambariki, akaitikia. Wanawake wengine wakafuata. Mwenyekiti alifika akasimama na kitambaa chake cha kujifutia, akangoja, maana huwezi kumkatiza mkeo mbele ya watu. Waliimba wimbo mzima. Ulipokwisha ndipo alipoinama akachomoa waya wa betri kwa mkono wake mwenyewe.

Bibi alisikia umeme unavyokatika. Alizivua, akanivuta, akanivika mimi. Nilitaka kukimbia lakini aliyashika masikio yangu kwa viganja vyote viwili. Zilikuwa za moto. Zilikuwa na samli iliyooza, zilikuwa na nta yake na ya Mwenyekiti, na kitu kilicho hai kilianza kutembea kuelekea ndani ya kichwa changu. Nikaona midomo yake inasogea karibu na uso wangu. Alikuwa ananiimbia, na kupitia ile ngozi niliyoilainisha mimi, iliyoziba vizuri mno, sikusikia chochote. Alipomaliza akainua upande mmoja akasema, "Yule mke wa Mwenyekiti wako, mwambie asiache kuimba." Akaurudisha akaniangalia, anangoja.

Nikatikisa kichwa. Nikaendelea kutikisa.

Mjomba aliondoka na lori na hedifoni zenye sikio moja, na kwa wiki nzima nililala na harufu ile kwenye nywele. Kwa hiyo mwalimu wa fizikia akitaka, nitausikiliza waya wake hata saa nzima, ila hedifoni aifute kwanza, na kwa spiriti. Nimeshavaa nta ya watu mara moja maishani bila kufuta, na aliyenivika alikuwa mke mwenzangu.